Riwaya za nyota wa Hollywood ya zamani: uanze na ipi?

Anayetaka kusoma riwaya za kihistoria kuhusu waigizaji wa enzi ya filamu bubu huchagua kwa jina la nyota. Anampenda Charlie Chaplin, basi anachukua riwaya ya Chaplin. Ukichagua hivyo ni rahisi kujikuta umekwama kabla ya nusu ya kitabu. Mimi hutazama kwanza ni nani amepewa kazi ya kusimulia, na amesimama wapi: ndani ya kichwa cha nyota, pembeni yake, au mbali kabisa. Watu hawa waliishi kweli. Mikataba yao, talaka zao na kesi zao zimehifadhiwa. Mwandishi wa riwaya ana nafasi pale tu kumbukumbu zinapokoma, na namna anavyoitumia nafasi hiyo ndiyo inayonifanya nimwamini au nimkatae.

Vitabu ninavyovilinganisha hapa vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na ugumu wa lugha yake unatofautiana sana. Nao nitautaja, kwa sababu msomaji akishindwa na lugha hata hadithi nzuri haimfai kitu.

Kwa anayeanza, mvutano ni kati ya The Chaperone ya Laura Moriarty (2012) na The Girls in the Picture ya Melanie Benjamin (2018). Zote mbili zina Kiingereza chepesi, na zote zinamweka mwanamke mwingine kando ya nyota. Hapo ndipo kufanana kwake kunapoishia.

Tuanze na The Chaperone. Mwaka 1922 Louise Brooks alikuwa na miaka 15. Alitoka Wichita, Kansas, akaenda New York kujifunza dansi katika shule ya Denishawn, iliyoendeshwa na Ruth St. Denis na mumewe Ted Shawn. Wazazi wake hawakumwacha asafiri peke yake, na mwanamke wa miaka 36 akatafutwa wa kumsindikiza. Hayo yote yalitokea. Huyo mwanamke historia ilimpita bila kumtazama sana, na ndiyo nafasi aliyoichukua Moriarty. Akamtoa, akamweka Cora Carlisle, mtu wa kubuni kabisa: mke wa wakili, mama wa mapacha wakubwa, mwenye sababu yake ya siri ya kwenda New York. Cora ni mmoja wa wale waliopakiwa wakiwa watoto kwenye treni za mayatima. Mpango huo ulianza 1854, ukadumu hadi 1929, na kwa miaka hiyo watoto wapatao 200,000 walitolewa katika miji ya mashariki ya Marekani wakagawiwa kwa familia za mikoa ya ndani. Cora anataka kujua nani alimzaa.

Kwa hiyo Louise tunamwona kwa macho ya mtu mwingine tu. Ni msichana mwerevu, jeuri, mzuri kupita kiasi na anayejua hivyo, tena ana jeraha la utotoni ambalo Cora anachelewa kulielewa. Hatuingii kichwani mwake hata mara moja, na naona huo ni uamuzi wa heshima. Brooks halisi aliandika mwenyewe kuhusu maisha yake, tena kwa kalamu kali. Insha zake zilikusanywa katika kitabu mwaka 1982, miaka mitatu kabla hajafa. Mwandishi yeyote anayejaribu kuisema sauti hiyo upya atashindwa, na Moriarty hakujaribu. Alichokifanya ni kuuliza swali ambalo kumbukumbu hazina jibu lake: kukaa na binti wa namna ile kiangazi kizima katika chumba kimoja kulimfanyaje mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba heshima ya mtu ni korseti yake, lile vazi la kubana kiuno?

Kasoro yake uijue mapema. Studio hutaziona, kamera hutazisikia. Filamu ya kwanza ya Brooks ilitoka 1925, wakati kiangazi cha riwaya kimekwisha zamani. Zile filamu mbili za 1929 alizoigiza Berlin chini ya mwongozaji G. W. Pabst, zilizomfanya akumbukwe hadi leo, na ule ugomvi na studio ya Paramount alipokataa kurudi kurekodi sauti kwa ajili ya The Canary Murder Case, vyote vinatufikia kwa mbali, kama vinavyomfikia mtu wa Wichita. Anayetaka Hollywood yenyewe atahisi amenyimwa.

Huyo ampokee Melanie Benjamin. The Girls in the Picture imejaa Hollywood kuanzia mwanzo hadi mwisho: vumbi la barabara, majukwaa yasiyo na paa, mandhari za mbao, wanaume wenye sigara wanaoamua nani atalipwa nini. Wahusika wake wakuu wawili wote ni watu wa kweli. Mary Pickford alizaliwa Toronto mwaka 1892 akiitwa Gladys Smith, akaanza kulisha familia yake kwa kuigiza jukwaani tangu utotoni. Frances Marion alizaliwa San Francisco mwaka 1888, akawa mwandishi wa miswada ya filamu, na baadaye mwandishi wa kwanza kushinda Oscar mara mbili. Benjamin anampa Frances nafsi ya kwanza, na sura za Mary anazisimulia kwa nafsi ya tatu. Nilipenda mpango huo. Frances, ambaye umma haukumjua, anasema kwa mdomo wake. Mary, ambaye kila mtu alidhani anamjua, anabaki hatua moja mbali nasi.

Sehemu bora ya kitabu ni kazi yenyewe. Mwaka 1917 wawili hao walitengeneza The Poor Little Rich Girl, ambamo Mary, mwanamke wa miaka 24, aliigiza mtoto wa miaka 11. Samani zilitengenezwa kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo. Wakuu wa studio walipoitazama walidhani wameangukia hasara. Watazamaji wakacheka, wakalia, na wakarudi kuiona tena. Mwaka uliotangulia Mary alikuwa amekwisha mbana mkuu wa studio, Adolph Zukor, kwa mkataba wa dola 10,000 kwa wiki pamoja na nusu ya faida. Februari 1919, yeye na Chaplin, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith wakaanzisha United Artists, kampuni ya wasanii wenyewe. Ukisoma mambo haya yakiwa hadithi, huku wanawake wawili wakipanga tukio moja baada ya jingine mezani, unaelewa kwamba nywele za vikunjo alizojulikana nazo Mary zilikuwa mtaji, na mwenye mtaji alijua hesabu zake hadi senti.

Benjamin hodari pia katika namna urafiki unavyokufa. Mary aliolewa na Fairbanks Machi 1920, akaingia kwenye jumba la Pickfair ambalo dunia nzima ilitaka kualikwa. Mwaka uliofuata ikatoka The Love Light, Frances akiwa mwongozaji na mumewe Fred Thomson akiigiza na Mary. Fred alifariki siku ya Krismasi ya 1928 kwa pepopunda, baada ya kukanyaga msumari. Mwaka huohuo mama yake Mary alikuwa amefariki, na Mary akazikata zile nywele. Kila mmoja alimhitaji mwenzake na kila mmoja alikuwa amekwisha kwenda mbali. Sijasoma riwaya nyingine ya Hollywood inayoonyesha vizuri hivi jinsi umaarufu unavyomzuia mtu kumtembelea rafiki aliyefiwa.

Lakini mazungumzo yake, hapana. Mara nyingi wahusika wanaelezana mambo wanayoyajua wote wawili ili sisi wasomaji tupate habari. Mtu anaingia chumbani, anatajwa kwa jina kamili, anataja filamu yake na mwaka wake, anatoka. Hakuna anayezungumza hivyo na rafiki yake wa miaka kumi. Moriarty, ambaye Cora wake hakuwahi kuishi, ameandika watu wanaosikika kuwa hai zaidi kuliko Benjamin, aliyekuwa na watu halisi mkononi. Sababu naiona ni ileile ya nafasi. Benjamin amebanwa na ukweli mwingi anaotaka kuuingiza, naye anauheshimu mno kiasi cha kutoacha hata kipande kimoja.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: ukitaka kujua historia, chukua ya Benjamin, ukitaka riwaya, chukua ya Moriarty. Mimi ningeanza na ya Moriarty.

Kuna wasomaji wasiotaka kusimama pembeni hata kidogo. Wanataka nyota aseme mwenyewe. Kwao ipo I, Fatty ya Jerry Stahl (2004), na hii ndiyo niliyobishana nayo kuliko zote. Msimulizi ni Roscoe Arbuckle, yule mchekeshaji mnene aliyewahi kupendwa karibu sawa na Chaplin. Katika riwaya yupo mwishoni mwa maisha, amezama kwenye heroini, na mtumishi wake ndiye mwenye dawa. Kila anapotaka dozi lazima atoe kipande cha maisha yake. Mpango huo wa kusimulia ni wa kubuni, wa kikatili, na unafanya kazi. Lugha yake ni chafu, imejaa misemo ya mitaani ya miaka ya 1920, na ni ngumu kuliko ya vitabu vingine hapa isipokuwa Sunnyside, nitakayoifikia mwishoni.

Kumbukumbu zinasema nini? Arbuckle alizaliwa Kansas mwaka 1887. Baba yake alishuku kwamba mtoto si wake, akampa jina la Roscoe Conkling, mwanasiasa aliyemchukia. Kufikia 1921 alikuwa na mkataba wa Paramount wa dola milioni moja kwa mwaka. Septemba ya mwaka huo alifanya sherehe katika hoteli ya St. Francis, San Francisco. Mwigizaji Virginia Rappe akaugua pale, na tarehe 9 akafa kwa kupasuka kibofu. Arbuckle akashtakiwa kwa kifo chake. Mwanamke aliyemtuhumu kwa sauti kubwa zaidi hakuwahi kuitwa kutoa ushahidi katika kesi yoyote kati ya tatu zilizofuata. Magazeti ya William Randolph Hearst hayakungoja mahakama. Kwao lisemwalo lipo, na wasomaji wakaamini. Majopo mawili ya kwanza ya raia waliosikiliza kesi yalishindwa kukubaliana. La tatu, tarehe 12 Aprili 1922, lilimwachia huru ndani ya dakika chache, na likaongeza tamko la maandishi kwamba ametendewa dhuluma kubwa. Siku sita baadaye Will Hays, aliyekuwa ndiyo kwanza amewekwa na wenye studio kusafisha jina la Hollywood, alizipiga marufuku filamu zake. Marufuku iliondolewa Desemba, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Stahl anayajua haya yote na anayaweka kwenye kinywa cha Arbuckle kwa uchungu unaokufanya ufunge kitabu upumzike. Sura za utotoni, baba akimpiga, mtoto mnene akigundua kwamba watu wakicheka hawapigi, ni nzuri kuliko chochote kilichomo katika vitabu hivi vyote. Ningekipendekeza kwa ajili ya sura hizo tu.

Ugomvi wangu ni juu ya Virginia Rappe. Alikuwa mwanamke wa miaka 30, mwigizaji na mbunifu wa mavazi, aliyefia kitandani kwa maumivu. Kitabu kinachosemwa na Arbuckle kinamwona kwa macho ya Arbuckle, nayo ni macho ya mtu anayejitetea. Kuwa Arbuckle hakuwa na hatia, jopo limesema, nami nakubali. Lakini Rappe alichafuliwa na mawakili wakati wa kesi, akachafuliwa tena katika simulizi za miaka mingi baadaye, na riwaya hii haimsafishi. Hiyo ndiyo bei ya kumpa nyota nafsi ya kwanza: kila mtu mwingine anakuwa shahidi wa upande wake. Msomaji anayekichukua akijua hivyo atafaidi. Anayekichukua akidhani anasoma taarifa ya kilichotokea hotelini atapotoshwa.

Arbuckle na Brooks walikutana. Alipokuwa akiongoza filamu fupi kwa jina la kukopa, William Goodrich, mwaka 1931 alimwongoza Louise Brooks katika Windy Riley Goes Hollywood. Yeye tayari alikuwa ameshuka, naye Brooks alikuwa anashuka. Brooks alisimulia baadaye kwamba Arbuckle hakujaribu hata kuongoza. Alikaa kitini kama mfu, mpole, aliyekwisha kufa tangu kashfa ile. Sentensi chache za mtu aliyekuwepo. Ukizisoma baada ya kumaliza I, Fatty utaona kwamba zile kelele zote za msimulizi wa Stahl ni kinyume kabisa cha mtu aliyeonwa na Brooks. Sidhani Stahl alikosea. Riwaya ina haki ya kumpa mfu sauti. Ila ujue kwamba sauti hiyo ni ya Stahl.

Anna May Wong ana riwaya mbili, na hapa chaguo ni la wazi kuliko kwingine. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, binti wa mfua nguo, akawa nyota wa kwanza wa Hollywood mwenye asili ya Kichina. Akiwa na miaka 17 alikuwa kinara wa The Toll of the Sea (1922), moja ya filamu za kwanza za rangi za Technicolor. Baada ya hapo alipewa majukumu ya vijakazi na wanawake wa hila, akachoka, akaenda Ulaya mwaka 1928. Pigo kubwa lilikuja na The Good Earth ya studio ya MGM (1937). Mume Mchina alipewa Paul Muni, mzungu, na kwa kuwa kanuni za filamu zilikataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye skrini, mke naye ilibidi awe mzungu aliyepakwa vipodozi. Luise Rainer akapata jukumu hilo, na Oscar juu yake. Wong alifikiriwa kwa nafasi ya yule suria tu, akaikataa.

The Brightest Star ya Gail Tsukiyama (2023) inamwacha Wong ajisimulie, kwa utulivu, tangu dobi la baba yake hadi miaka yake ya mwisho. Ni rahisi kusoma na inafuata kumbukumbu kwa karibu, labda kwa karibu mno. Kuna kurasa ambazo ningeweza kuapa nasoma wasifu. Delayed Rays of a Star ya Amanda Lee Koe, mwandishi mzaliwa wa Singapore (2019), inaanzia kwenye picha moja ya kweli: Berlin, 1928, mpiga picha Alfred Eisenstaedt, na wanawake watatu wamesimama pamoja kwenye sherehe, Marlene Dietrich, Anna May Wong na Leni Riefenstahl. Kutoka hapo anawafuata kila mmoja njia yake, mmoja akienda Hollywood, mmoja akirudi kwenye milango iliyofungwa, mmoja akienda kumtengenezea Hitler filamu. Pembeni anaweka watu wadogo wa kubuni, akiwemo kijakazi Mchina katika nyumba ya Dietrich mzee jijini Paris. Ni kitabu kipana, kinarukaruka, kina sentensi ndefu. Pia ndicho pekee kati ya hivi vyote kinachothubutu kuuliza nyota anadaiwa nini na zama zake. Msomaji wa Kiingereza cha kawaida achukue ya Tsukiyama. Mwenye uzoefu wa riwaya nzito asiipite ya Koe.

Imebaki Sunnyside ya Glen David Gold (2009), ile ambayo mpenzi wa Chaplin angeikimbilia kwanza. Inafunguka tarehe 12 Novemba 1916, siku ambayo watu katika mamia ya sehemu za Marekani wanadhani wamemwona Chaplin kwa wakati mmoja. Baada ya hapo Chaplin anagawana kitabu na wanajeshi wawili, mmoja Ufaransa, mwingine Archangel kwenye baridi ya Urusi. Ina zaidi ya kurasa 500. Kuna vipande vinavyong'aa, hasa Chaplin akiuza hati za mikopo ya vita huku akiogopa kwamba hana tena cha kuchekesha, lakini anaondoka jukwaani mara nyingi mno, na uzi wa Urusi ulinichosha. Usianze nacho. Kisome ukishawapenda watu hawa.

Jambo moja linasaidia kuliko uhakiki wowote: tazama filamu kabla ya riwaya. Nyingi za miaka hiyo hazina tena hakimiliki nchini Marekani na zipo mtandaoni bila malipo. Hazina mazungumzo ya kusikika, na simu ya kawaida inatosha. Kabla ya Benjamin tazama Stella Maris (1918), ambamo Pickford anaigiza wasichana wawili, mmoja tajiri na mmoja yatima aliyedhulumiwa, na utashangaa kwamba ni mtu mmoja. Kabla ya Stahl tazama Coney Island (1917), Arbuckle akiwa na Buster Keaton kijana, uone jinsi mwili ule mkubwa ulivyokuwa mwepesi. Kabla ya Gold, The Immigrant ya mwaka huohuo inatosha.

Kwa Moriarty nashauri kinyume: soma kwanza, kisha utazame Pandora's Box, mojawapo ya zile mbili za Berlin, kwa sababu riwaya inakuacha ukimtafuta Louise. Na ukimaliza ya Benjamin usijue uende wapi, daraja lipo tayari. The Toll of the Sea, filamu iliyompa Anna May Wong nafasi yake ya kwanza kubwa, iliandikwa na Frances Marion. Ina urefu wa chini ya saa moja; itazame, halafu ufungue ya Tsukiyama.